Tulivyomtafutia Bima Paka Mzee

Paka wetu alianza kukataa dagaa siku ya Jumatatu. Nakumbuka ilikuwa Jumatatu kwa sababu ndiyo siku ninayopokea mahindi kutoka vijijini, na yeye huwa hakosi kukaa juu ya mzani akiwatazama wabebaji kana kwamba mshahara wao unatoka mfukoni mwake. Siku hiyo hakutoka kwenye gunia lake. Nilimpelekea dagaa wa kukaanga, akawanusa, akageuza shingo. Nikamletea maziwa, akalamba mara mbili, kisha akakaa mdomo wazi kidogo huku ute unamdondoka.

Nina stoo ya nafaka hapa Nkende, Tarime mjini. Nauza mahindi, mtama, ulezi, maharage na mihogo mikavu. Mwenye stoo ya nafaka asipokuwa na paka, ajue anawapikia panya. Huyu wa kwangu, jike la kijivu lenye michirizi, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba nilikuwa nimesahau stoo ilivyokuwa kabla yake. Hatukuwahi kumpa jina. Tulimwita Paka, naye akiitwa alikuja.

Mume wangu ni mtu wa ng'ombe. Alikuwa dereva wa lori miaka yake yote ya kazi, lakini moyo wake ulibaki kwao Nyanungu, ambako mdogo wake anamtunzia ng'ombe kumi na mmoja. Kwake mnyama ni yule anayekamuliwa au anayetolewa mahari. Paka hakuwa hata na cheo cha mnyama wa nyumbani. Alimwita "huyo wako."

"Huyo wako ana nini leo?" aliniuliza jioni ile.

"Hali."

"Ameshiba panya."

"Hana nguvu ya kukamata hata mende."

Akamwangalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia, halafu akasema, "Basi mpeleke kwa daktari wa ng'ombe. Si ndiye tuliye naye."

Asubuhi nikamtia Paka kwenye kikapu cha sokoni, nikakifunika na kanga, nikasimamisha bodaboda. Dereva, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliuliza kama nimebeba kuku. Nikamwambia ni paka.

"Unakwenda kumtupa wapi, mama?"

"Simtupi. Nampeleka hospitali."

Tangu hapo kila tulipofika kwenye tuta alipunguza mwendo mpaka pikipiki ikataka kuzima.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Singida, aliyekuwa Tarime mwaka wa tatu. Ukuta wa chumba chake ulijaa picha za ng'ombe: kwato, viwele, minyoo ya ini. Alinipa shikamoo, akafunua kanga, akatabasamu. Niliona kwamba hakuletewa paka mara kwa mara. Alimfungua mdomo kwa vidole viwili, akaniambia nitazame. Meno mawili ya nyuma yalikuwa yameoza mpaka kwenye mzizi, na ufizi umekuwa mwekundu kama nyanya.

"Huyu ameumwa muda mrefu, mama. Paka hasemi."

Akampiga sindano ya usingizi, akayang'oa. Mimi nilishika miguu ya mbele ingawa Paka alikuwa amelala fofofo na hakuhitaji kushikwa. Gharama yake sitaitaja. Nitasema tu kwamba mume wangu alipouliza nilimtajia nusu, na hata hiyo nusu ilimfanya avute kiti akae.

Kabla sijaondoka daktari aliniambia, "Meno tumeyamaliza. Lakini paka wa umri huu, kinachofuata mara nyingi ni figo. Ujiandae."

"Nijiandae vipi?"

"Uwe unamleta tumpime kabla hajaugua. Na uwe na pa kutolea hela siku akiugua."

Maneno hayo nilimsimulia binti yangu wa pili kwenye simu. Ameolewa Nairobi, na huko ameona mambo. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, huku watu wanawakatia paka wao bima. Anaumwa, wanampeleka, kampuni inalipa. Hapo Isebania kuna ofisi, mimi niliiona nilipopita. Kawaulize."

Isebania ni ng'ambo tu ya Sirari. Ukivuka mpaka umefika. Nilimweleza mume wangu nikidhani atanicheka, lakini hakucheka. Alishangaa tu.

"Bima? Mimi mwenyewe nilikata bima ya afya baada ya kulazwa."

"Ndiyo maana nataka ya Paka iwe kabla."

Ikatokea kwamba wiki hiyohiyo wafugaji wa Nyanungu waliitwa kwenye josho kusikiliza habari za bima ya mifugo. Mume wangu alikuwa anakwenda kwa ajili ya ng'ombe wake. Nikamwambia nami nakwenda, nina ulezi wa kununua huko. Ulezi niliununua kweli, gunia mbili, lakini niliununua haraka.

Wakala wa bima alikuwa mtu mwembamba wa makamo, amevaa buti za mvua ingawa kulikuwa kukavu, na alijua kazi yake. Alieleza habari za hereni inayotobolewa kwenye sikio la ng'ombe ili ajulikane ni yupi, za picha, za ugonjwa na radi na mafuriko. Wazee walisikiliza kwa adabu mpaka mmoja akauliza lile ambalo wote walikuwa wanalingoja.

"Na akiibiwa?"

"Wizi una masharti yake," wakala akasema.

Kukawa na mguno wa pamoja, kwa maana kule kwetu masharti ya wizi wa ng'ombe kila mtu ana ya kwake. Walibishana nusu saa. Walipotulia, nilinyoosha mkono.

"Na paka je?"

Wanaume walicheka, na si kwa ubaya, lakini walicheka sana. Mume wangu aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ukingo wa josho akaniuliza, "Mama, hereni ya paka utaitundika wapi? Si atakuwa hereni tupu?"

Wakala alingoja kicheko kiishe. Yeye hakucheka.

"Swali la mama si la kuchekwa. Kampuni yetu haina bima ya paka. Tuna ya ng'ombe, mbuzi, kondoo, na kuku wakiwa wengi. Lakini mama, ukipata wanaotoa, usitie sahihi kabla hujauliza. Ana umri gani?"

"Ni mzee."

"Basi uliza hilo mwanzo, wengi hawapokei mzee. Halafu uliza kuhusu ugonjwa alio nao tayari, kwa sababu huo hawaulipi. Uliza pia siku za kusubiri. Ukikata leo, akaugua kesho, unaweza kuambiwa bado. Na hospitali, uliza ni zipi wanazozikubali." Akaongeza, "Na usiwadanganye. Siku unapolipa hawaangalii sana. Siku unapodai ndiyo wanaangalia."

Nilimshukuru. Tulikuwa tunarudi na mizigo, tumekaribia mjini, mume wangu aliponigeukia.

"Umenifanya nionekane mtu wa ajabu kwetu," akasema.

"Wewe hukuuliza kitu."

"Watasema nimetumwa na paka." Kisha, baada ya mwendo kidogo, "Lakini yule mtu alikujibu vizuri. Ng'ombe nitawakatia kwake."

Jumatano iliyofuata nilivuka mpaka. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simu, na kijana wa mapokezi alinikaribisha vizuri. Mkenya ni mkarimu, ila Kiswahili chake lazima ukisikilize mara mbili.

"Hiyo paka iko na miaka ngapi, mama?"

"Mingi. Sijui hasa."

"Na iko na chip?"

Nikashangaa swali hilo. "Hali chipsi. Anakula dagaa, na siku hizi nampondea."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, nami nikacheka naye ingawa sikujua kwa nini. Akanieleza kwamba anayoisema yeye ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinadungwa chini ya ngozi ya mnyama na kinabeba namba yake. Nikamwambia Tarime namba za namna hiyo wanazo ng'ombe, na wanazibeba masikioni.

Akanitolea fomu. Jina la mnyama: nikaandika Paka. Aina: nikaandika paka wa kawaida. Tarehe ya kuzaliwa: hapo kalamu ikasimama.

Kijana alinieleza kwamba wana bima za aina mbili. Moja inalipia magonjwa na ajali, lakini paka lazima awe hajapita miaka kumi siku ya kuanza. Nyingine ni ya ajali peke yake: kugongwa, kuumwa na mbwa, kuanguka. Hiyo haijali umri. Nikamuuliza maswali yote niliyofundishwa kwenye josho. Siku za kusubiri zilikuwepo. Ugonjwa wa zamani haulipwi. Nilipouliza kuhusu hospitali, alifungua karatasi ndefu, akatembeza kidole mpaka chini.

"Ya karibu ni Kisumu."

"Kwa hiyo Paka akiumwa na mbwa Nkende, nimpeleke Kisumu."

"Unaeza pia kumpeleka kwa daktari wako, mama, kama ni emajensi, halafu ulete risiti. Lakini hiyo lazima nimuulize mkubwa, juu ya vile unaishi ng'ambo." Akaniandikia namba yake. "Kwanza tupate umri. Daktari wako aandike barua."

Nilirudi na fomu mbili kwenye mkoba na swali moja kichwani. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba Paka nilipewa na shangazi yake mume wangu, kule Ringwani, akiwa kitoto cha kuenea kwenye kiganja. Lini, sikukumbuka. Nilimuuliza mume wangu. Akasema ilikuwa kabla hajauza lori la pili. Nikamuuliza lori la pili aliliuza lini. Akasema ni baada ya Paka kuja.

Jumamosi tukaenda Ringwani wote wawili. Yeye alisema anakwenda kumsalimia shangazi, kwani ni muda hajamwona, na hilo lilikuwa kweli pia.

Shangazi amepita miaka themanini, macho yake ni mazuri kuliko yangu, na hazungumzi habari yoyote kabla mgeni hajala. Tukampa shikamoo, tukala ugali wa mihogo na mtama kwa kuku, tukaulizwa habari za kila mtoto na kila mjukuu. Alipomaliza kunawa ndipo nikasema, "Shangazi, yule paka uliyenipa, alizaliwa lini?"

Hakuona ajabu swali lile. Alifikiri akiwa amefumba macho.

"Mama yake alikuwa na tabia mbaya ya kuzalia mahali pasafi. Alizalia ndani ya sanduku la sare za kwaya. Tulikuwa tunajiandaa kufungua kanisa jipya, hili la bati. Tukafungua sanduku ili tupige pasi, tukakuta watoto wanne juu ya mikufu na kola. Mimi niliimba siku ile na nywele za paka shingoni."

"Ilikuwa wiki ile ya ufunguzi?"

"Wiki ileile. Walikuwa hawajafungua macho."

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Kanisa lina jiwe la msingi," akasema. "Lina tarehe."

Tukatoka watu watatu, shangazi mbele na fimbo yake, hadi kanisani, mwendo wa dakika kumi kupitia mashamba ya mihogo, nami njiani nikamweleza habari za bima na umri wanaoutaka. Jiwe lilikuwa ukutani upande wa mlango, saruji iliyopakwa rangi nyeupe, maandishi yamechorwa kwa msumari kabla haijakauka. Lilionyesha siku, mwezi na mwaka wa kufunguliwa. Nilisimama pale nikahesabu kwa vidole. Mume wangu akahesabu kwa vyake. Tulifika pamoja: miaka kumi na mitatu na miezi saba.

"Wao wanataka mingapi?" shangazi akauliza.

"Isizidi kumi."

"Basi sema tisa. Nani atakuja kumuuliza paka?"

"Shangazi, tumesimama kanisani," mume wangu akasema.

"Tumesimama nje," shangazi akamjibu, akageuka kurudi nyumbani.

Ningependa kusema kwamba nililipuuza wazo lile palepale. Sikulipuuza. Njia nzima ya kurudi Tarime nilikuwa nalo. Mimi si mtu wa kudanganya. Mizani yangu inakaguliwa, na hata isipokaguliwa ni sawa. Lakini nilimfikiria Paka na figo zake, nikafikiria kampuni kubwa yenye ofisi mpaka Nairobi, nikaona miaka minne ni kitu gani kwao. Tulipofika nyumbani nikatoa fomu ya kwanza, ile ya magonjwa, nikaandika tisa kwa penseli. Penseli nilijiambia ni kwa sababu kalamu imekwisha wino.

Kesho yake, baada ya ibada, nikampelekea daktari fomu ili asaini sehemu yake. Paka nilikwenda naye kwenye kikapu. Daktari akampima kwanza, akasema kidonda cha ufizi kimepona vizuri. Kisha akaichukua fomu, akasoma taratibu. Nilimwona alipofika kwenye ile tisa. Hakuinua sauti. Alivuta droo, akatoa kichupa kidogo chenye meno mawili ya kahawia ambayo hata sikujua ameyaweka, akakiweka mezani kati yetu.

"Mama yangu, haya si ya paka wa miaka tisa."

Niliona aibu ambayo sikuiona tangu nikiwa msichana, nilipokamatwa nimeiba sukari ya mama yangu, chembe zake zingali mdomoni. Nilimwambia ukweli wote: shangazi, sanduku la kwaya, jiwe la msingi. Nilipofika kwenye habari ya kola na mikufu alicheka mpaka akavua miwani. Aibu yangu ikapungua.

"Kwa hiyo ni kumi na mitatu na miezi saba," akasema. "Sijawahi kupata paka mwenye cheti cha kuzaliwa cha saruji."

Akachukua kifutio mwenyewe, akaifuta ile tisa. Halafu akakaa sawasawa, kama mtu anayetaka kufanya biashara.

"Nikueleze ninavyoona. Hii ya magonjwa hawatampokea. Hii ya ajali watampokea, lakini ajali gani unaiogopa kwake? Ugonjwa wa figo hawaulipi, na ndio tunaouogopa. Mimi nimekuwa nikifikiria kitu. Watu wa hapa wananiletea mnyama akiwa amebaki pumzi moja. Nikipata watu wachache wanaokubali kutoa kidogo kila mwezi, nitawapimia wanyama wao kila baada ya miezi mitatu, na wakiugua nitawatibu kwa hicho walichokitoa. Si bima. Mimi si kampuni. Lakini nipo, na sihami leo."

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mfanyabiashara, sikubali bei ya kwanza hata ikiwa nzuri. Nilikaa na fomu ya ajali na maneno ya daktari kwa siku nne. Yule kijana wa Isebania alinipigia kuniambia kwamba mkubwa wake amekubali ingawa naishi ng'ambo, mradi Paka adungwe ile namba na matibabu yafanyike Kisumu. Alinitakia kila la heri, na alimuulizia Paka kana kwamba wanajuana.

Jioni ya siku ya nne nilikuwa nimezitandaza karatasi kwenye meza ya stoo. Mume wangu alikuwa mlangoni anasubiri tufunge. Paka alikuwa kwenye gunia la mtama, ubavu mmoja juu, mkono mmoja umening'inia.

"Huyo," mume wangu akasema, "atagongwa na gari gani? Barabara hajavuka tangu tumhamishie hapa. Mbwa wa buchani anamkimbia yeye. Na kuanguka, ataanguka kutoka wapi? Juu ya gunia?"

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema ukimlipia ajali, umemlipia mtu mwingine. Hela mpe daktari."

Ndivyo tulivyoamua, na nakiri yeye ndiye aliyeamua. Ila makubaliano yenyewe niliyafunga mimi. Daktari anafuga kuku nyuma ya nyumba, kama themanini, na mwenye kuku daima anatafuta chenga, zile punje zilizovunjika. Mimi nikipepeta mahindi ninabaki na chenga nyingi. Tukakubaliana debe moja la chenga kila mwezi, na yeye ampime Paka kila miezi mitatu, damu na mkojo na meno. Dawa za kawaida ndani yake. Upasuaji nje. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili. Mume wangu alitaka kiongezwe kifungu.

"Na akifa?"

"Akifa, mzee, chenga zinakoma," daktari akasema.

"Na kuku wakifa?"

Daktari akafikiri. "Hapo nitapokea mtama."

Tukatia sahihi, mimi na daktari. Mume wangu alisaini kama shahidi, kwa mwandiko uleule anaoutumia kwenye karatasi za ng'ombe.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili, miezi mitatu baadaye, kilionyesha kwamba figo zimeanza kuchoka. Daktari alinieleza bila kunitisha: tumeziwahi, na kama tungengoja mpaka aanze kutapika, yeye angekuwa na la kufanya dogo sana. Dagaa wenye chumvi basi. Maji mengi, bakuli zaidi ya moja, na samaki wa kuchemshwa bila chumvi. Dawa moja ya unga, kidogo, asubuhi.

Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Nilijua nitakayoyasikia kuhusu samaki wa kuchemshiwa paka katika nyumba ya Mkurya. Nikayasema yote kwa mfululizo nikiwa nimempa mume wangu mgongo, napanga vyombo. Asubuhi niliamka nikasikia sufuria jikoni. Alikuwa amesimama kwenye jiko la mkaa, amefunga kitenge changu kiunoni, anatoa mifupa ya sato kwa uma, mmoja mmoja, na Paka ameketi mguuni pake akisubiri.

"Daktari alisema bila chumvi," akasema, kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kukumbushwa. "Wewe mkono wako una chumvi nyingi."

Tangu hapo kazi hiyo ni yake. Dawa ya unga nayo ni yake. Anaichanganya kwenye mchuzi wa samaki na anahesabu sekunde kabla ya kumpa, sijui kwa nini. Siku akienda Nyanungu kuwaona ng'ombe ananiachia maagizo marefu kuliko anayomwachia mdogo wake.

Habari za daktari zilisambaa bila tangazo. Mwenye bucha alimpeleka mbwa wake. Mpangaji wangu, mchimbaji dhahabu aliyetoka Shinyanga na mbwa wake wawili tu kama ndugu, naye akajiandikisha, akawa analipa siku anazopata na kunyamaza siku asizopata, na daktari anamwelewa. Sasa wako watu kumi na tisa. Yule wakala wa buti za mvua alipopita mjini, mume wangu alimpeleka kwa daktari waonane, na walikaa wanazungumza mpaka chai ikapoa. Sijui kama patatoka kitu. Daktari anasema huenda.

Paka sasa ana miaka kumi na mitano. Panya hakamati tena, na stooni nimemletea msaidizi, dume jeusi lenye papara ambalo yeye analivumilia mradi lisipande juu ya mzani. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye kipimo. Mume wangu ndiye aliyebeba kikapu. Daktari akamweka Paka kwenye mizani yake ndogo, akasoma, akasoma tena, akatuambia ameongezeka gramu mia mbili na figo zimesimama palepale, hazijaongeza uchovu.

Tulipotoka tukapitia sokoni, tukanunua sato watatu wakubwa. Wawili tuliwakaanga kwa pilipili na limao. Wa tatu akachemshwa peke yake, kwenye sufuria yake, na mpishi alikataa kabisa nimsaidie.